Mume Aliyempita Mkewe Njiani

Mvua za vuli za mwaka hamsini na tatu ziliwahi, na barabara ya Nyabiyonza ikageuka tope la kufunika vifundo vya miguu, lakini kijiwe cha njia panda hakikukosa watu hata siku moja. Chenyewe kilikuwa gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Rwegoshora, fundi baiskeli. Karibu na moto alikaa mzee Byabato, ambaye wote walimwita Birika, kwa kuwa alirudi kutoka Bukoba, alikokuwa mpishi wa mapadri, na birika la bati na ujuzi wa kupika kahawa ya kunywa. Wenzake waliozoea kahawa ya kutafuna walianza kuinywa kwa kumheshimu, baadaye wakainywa kwa sababu hawakuweza kuacha tena. Kando yake alikaa Pastory, mtu wa Muleba mwenye duka la vitambaa, jina lake la kijiweni Gazeti, maana hakuna habari iliyopita Nyabiyonza bila kupumzika kinywani mwake. Mwisho wa gogo, mguu mmoja umenyooshwa, alikaa Melkiory, aliyekwenda vitani na Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi na goti lisilokunjika. Huyo walimwita Bama, jina la nchi alikopigana. Rwegoshora mwenyewe walimpa jina asilolipenda: Maringo. Ukikutana naye njiani, walisema, anakupita kama anapita kisiki, mpaka umsalimie wewe kwanza.

Ijumaa moja asubuhi Rwegoshora alikuwa amepindua baiskeli ya katekista, magurudumu juu, anazamisha mpira wa ndani kwenye karai la maji akitafuta tundu. Gazeti alifika, akakung'uta tope, akapokea kikombe, na kabla hajakitia mdomoni akasema:

— Maringo, nasikia mama yako kaita wazee wa ukoo Jumapili, baada ya misa.

— Umesikia wapi?

— Kisimani. Mke wangu kaleta maji na habari.

— Basi umesikia vizuri.

— Kwamba mkeo arudishwe kwao Ndama?

— Arudi akasafishwe. Mtoto abaki.

Birika aliyekuwa anamimina aliacha kumimina.

— Mtoto wa wiki nane abaki, anyonye nini?

— Auleria, mke wa kaka yangu, ananyonyesha. Mama anasema maziwa yake yatatosha wawili.

Birika alimaliza kumimina, wenzake wakapokea. Kila mmoja wao alikuwa na kipande cha habari hiyo, lakini hakuna aliyekuwa nayo nzima, na Rwegoshora hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya nyumbani kwake. Yenyewe ilikuwa hivi.

Baba yake Kemirembe, mke wa Rwegoshora, alifariki huko Ndama. Kemirembe alikwenda kuzika na mtoto wao wa kwanza mgongoni, Kokushubira, msichana wa wiki saba. Rwegoshora naye alikwenda, akazika, akarudi kesho yake kwa ajili ya kazi, akamwacha mkewe amalize matanga. Kemirembe alimlilia baba yake mpaka sauti ikakauka kabisa, ikabaki pumzi tu. Siku ya nne watoto wote wa marehemu wakanyolewa vichwa. Kemirembe alikuwa na nywele nyingi, nzito, hakuzikata tangu alipochukua mimba. Zikaanguka zote chini pale uani. Jioni hiyohiyo alipompakata mtoto, Kokushubira alimtazama, akamtazama tena, kisha akalia kilio ambacho mama yake hakuwahi kukisikia, akageuza uso akalikataa ziwa kama amewekewa kitu kichungu.

Siku ya safari ya kurudi Rwegoshora alikwenda kumpokea njiani. Karibu na daraja la miti alikutana na mwanamke mwenye kichwa kinachong'aa, kajifunga kaniki kuukuu ya matanga, mgongoni kabeba mtoto aliyefunikwa asipigwe na jua. Akamwambia, "Pole na safari, mama," akampita. Mwanamke yule alisimama. Alifungua kinywa kuita, sauti haikutoka. Rwegoshora aliendelea mbele karibu saa nzima, akiwaangalia wanawake wote waliokuwa wakija, akimtafuta mkewe.

Kemirembe alifika nyumbani peke yake, akaketi kwenye kizingiti cha mama mkwe wake, Bi Anatolia, akamweleza kwa mnong'ono, machozi yakimtoka: "Mama, Baba Koku amenipita."

Hakujua alikuwa anajishtaki mwenyewe. Bi Anatolia hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika wajukuu wawili, na wote, alisema, walianza hivihivi, kwa kukataa ziwa. Basi alipoona Kokushubira anampigia mama yake makelele mchana kutwa, akakumbuka na hilo la njiani, akaunganisha. Mtoto hamjui. Mume hakumjua. Kilichorudi kutoka makaburini si Kemirembe mzima. Kuna kitu kimerudi naye, au kimerudi badala yake.

— Mimi nitakwambia, alisema Birika, baada ya kufikiri. — Mtoto mchanga ananusa. Nilipotoka kumzika shangazi, paka wa mapadri aliyekuwa analala miguuni pangu alikimbilia juu ya paa, akakaa siku tatu. Harufu ya msiba ile. Huyo mwanamke aoge kwa majani ya mpera, basi.

— Ameoga, alisema Rwegoshora.

— Aoge tena.

— Harufu ni sehemu ndogo tu, alidakia Gazeti. — Tatizo ni macho. Mimi nilimsikia daktari mmoja wa meli pale Bukoba, kwa masikio yangu, akisema mtoto mchanga huona vitu kichwa chini, miguu juu. Kama ile picha ndani ya kamera. Sasa hesabu mwenyewe. Mtoto anamwona mama yake amepinduka. Kwake yeye, kile kichwa ni kidevu. Kwa wiki saba kidevu cha mama kina ndevu nyingi nyeusi. Wiki ya nane kidevu kimenyolewa. Hata wewe ungelia.

— Daktari alisema habari ya ndevu?

— Ndevu nimeongeza mimi. Kichwa chini alisema yeye.

Bama alikohoa, akausogeza mguu wake kwa mikono miwili.

— Ninyi mnabahatisha. Sura ni kama lugha, mtu hujifunza. Tulipofika Bama, mwezi wa kwanza, Wahindi wa kikosi cha jirani kwetu walikuwa mtu mmoja. Walewale masharubu, kilemba kilekile. Nikimpa huyu sigara, anakuja mwingine kunishukuru. Mwezi wa tatu nikashangaa nilikuwa mjinga wa nini, maana kila mmoja ana sura yake kama sisi. Nikamweleza mpishi wao. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, hata ninyi, mpaka jana nilikuwa nawajua kwa viatu.

— Hilo lina maana, alisema Birika.

— Bado sijamaliza. Nikagundua kwamba Mungu ana sura chache kuliko watu. Anazitumia tena. Wewe Birika nilikuona sokoni Ranguni, hukohuko Bama, unauza samaki.

— Mimi.

— Wewe kabisa. Na hicho kipara. Nilikuita kwa jina, ukanipa samaki ukafikiri naomba.

— Sasa kama Birika yuko Ranguni, alisema Gazeti, akishika goti lake kwa furaha, — ina maana kuna Kemirembe wawili. Ndama kuna watu wengi siku ya msiba. Wanawake wote wamenyolewa, wote wamevaa kaniki, wote wanalia. Katika kuagana, je, hawezi kuondoka mmoja badala ya mwingine? Na yule wa kweli yuko bado Ndama, anashangaa mtoto wake amekwenda wapi.

Walicheka, hata Birika. Rwegoshora hakucheka. Alikuwa ameliona tundu, mapovu yanapanda kwenye maji, lakini mkono wake haukwenda kuchukua kiraka. Bama, ambaye kwa kawaida hakumsemesha ila kwa lazima, aligeuka akamtazama.

— Wacha mchezo, alisema Bama. — Mtoto ni mtoto. Lakini wewe mume. Umelala na mwanamke miaka minne, unampita mchana kweupe, unamwita mama. Wazee watakuuliza hilo Jumapili. Utajibu nini?

— Ndilo ninalofikiria.

— Kama hukumjua kwa sababu si yeye, sema. Kama ni yeye ukamdharau kwa ajili ya kipara, sema. Hakuna jambo la tatu.

Rwegoshora alijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, polepole, kidole baada ya kidole. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na hakuwahi kulisema jambo hili kwa mtu. Kwa muda mrefu alidhani watu wote wako kama yeye ila wao ni wajanja zaidi. Baadaye akajua hapana, akaogopa wangesema ana wazimu, akaona afadhali waseme anaringa.

— Lipo la tatu, alisema. — Mimi sijui sura ya mtu yeyote.

— Sema tena, alisema Birika.

— Nakuona. Macho yangu mazima, naona tundu la sindano kwenye mpira huu. Nikikutazama naona pua, naona macho, naona mdomo. Nikigeuka, vimeondoka. Ukirudi, ni pua nyingine mpya. Wewe nakujua kwa sauti na kwa kukohoa. Gazeti kwa lile koti lake. Bama namsikia anavyoburuta mguu tangu kule kwenye mgomba. Wengine wote nawajua kwa baiskeli zao.

— Acha, bwana, alisema Gazeti. — Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Ningekuwa nimeusikia.

— Nijaribuni.

Walimpeleka nyuma ya kibanda. Wakanong'onezana kama vijana wa shule. Koti na kofia ya Gazeti wakamvika Bama, na Bama wakamketisha katikati, goti lake wamelifunika gunia la kahawa. Wakakubaliana asiseme mtu wala asikohoe. Rwegoshora akaitwa. Alisimama mbele yao akawatazama mmoja mmoja, kwa muda mrefu, kama anayesoma barua iliyoandikwa kwa wino uliofifia.

— Huyu wa katikati ni Gazeti, alisema.

Walipasuka kicheko. Wakamrudisha nyuma. Mara ya pili wakavua kofia zote, wakajifunika magunia mpaka shingoni, zikabaki sura tupu tatu kwenye gogo.

— Mwenye ndevu za mvi ni Birika, alisema Rwegoshora. Akawageukia wawili waliobaki. Alimtazama wa kushoto, akamtazama wa kulia, akarudi kushoto. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. — Hawa wawili sijui. Naweza kubahatisha, lakini sijui.

Safari hii hakucheka mtu. Wa kushoto alikuwa Bama, na wa kulia Gazeti, na watu hao wawili hawakufanana hata kidogo. Mmoja mwembamba, uso mrefu wenye mifupa, mwingine mashavu yamemjaa kama yuko katikati ya kula.

Bama ndiye aliyetoa gunia kwanza. Aliliweka magotini, akalikunja vizuri.

— Mwaka arobaini na sita, alisema, — nilishushwa na lori pale juu kwenye mteremko. Miaka minne sijaona mtu wa kwetu. Mtu wa kwanza kumwona ni wewe, unapanda na mzigo wa spoki. Tulikua pamoja, mimi na wewe, tulichunga mbuzi wa baba yako. Nikasimama katikati ya barabara, nikafungua mikono hivi. Ukasogea pembeni, ukanipita.

Rwegoshora alimtazama.

— Ulikuwa unachechemea, alisema. — Uliondoka hapa unatembea vizuri. Mimi nilikuwa naujua mwendo wako, Melkiory. Niliona mwanajeshi kilema kafungua mikono, nikadhani anaomba. Wewe hukusema neno.

— Nilitaka uanze wewe.

— Ungesema neno moja tu, ningekujua.

— Miaka saba, alisema Bama. — Miaka saba nakaa kwenye gogo lako nakunywa kahawa ya Birika, nikisubiri siku utakayoniomba radhi. Kila siku narudi nyumbani nimekasirika upya.

Birika, ambaye hakupenda watu wazima waone aibu mbele yake, alimimina kahawa kwenye vikombe vyote ingawa viwili vilikuwa bado vimejaa. Bama alichukua kikombe chake, akamsogezea Rwegoshora.

— Haya, kunywa, alisema. — Sasa tueleze habari ya mtoto.

Ndipo Rwegoshora, ambaye hakuwahi kusema maneno mengi mfululizo kijiweni pale, akaketi kwenye gogo na kusema. Alikuwa amelala macho siku tatu usiku akilifikiria. Mtoto akipewa ziwa gizani, alisema, au akiwa katika usingizi, ananyonya kama kawaida. Kungekuwa na kitu kibaya mwilini mwa mama yake, giza lisingekiondoa. Ni mwanga ukija, akafungua macho, ndipo anapolia. Basi kuna kitu anakitafuta kwa macho na hakioni.

— Mimi mke wangu namjua kwa mambo matatu, alisema. — Sauti yake. Mwendo wake, lakini mtu aliyechoka na safari, na mtoto mgongoni, mwendo unabadilika. Na pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso. Zake zinashuka chini sana, zinafanya pembe katikati. Weusi juu, uso chini, na mpaka katikati yake. Mpaka ule naujua hata kwa mbali. Siku ile kwenye daraja sikupata hata kimoja. Sasa nafikiri, huyu mtoto ni wa wiki nane. Nani kamfundisha sura? Labda naye bado anaona kama mimi. Ameshika ule mpaka, ameshika sauti, na harufu. Harufu ilikuwa ya moshi wa matanga. Sauti imekauka. Nywele zimenyolewa. Anapakatwa na mtu mgeni kabisa anayetaka kumwekea kitu mdomoni.

Gazeti alikuwa amekaa mdomo wazi.

— Kwa hiyo nilikuwa sahihi, alisema. — Ni nywele. Nilisema ni nywele.

— Ulisema ni ndevu, alisema Birika.

— Jumapili nakuja na kitambaa cheusi, alisema Gazeti, bila kumsikiliza. — Kaniki mpya, haina harufu ya msiba wala ya mtu. Tuone.

Jumapili baada ya misa wazee watano wa ukoo waliketi kwenye majani makavu yaliyotandazwa sebuleni kwa Bi Anatolia. Auleria alimpakata Kokushubira. Kemirembe alikaa karibu na mlango, kichwa kimeinama, mzigo wake mdogo ameufunga tayari. Alikuwa amekwisha kukubali kwamba ataondoka. Rwegoshora aliwaamkia wazee, shikamoo kwa kila mmoja, na kama kawaida yake alisubiri wajibu ndipo ajue nani ni nani. Bama na Gazeti walisimama uani. Si wa ukoo, lakini hakuna aliyewafukuza.

Rwegoshora alisimulia yote. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko kijiweni, kwa kuwa mama yake alikuwa anamtazama. Mzee mmoja akasema ni uongo wa kumtetea mke. Bama akasema kwa sauti kutoka uani kwamba yeye ni shahidi, kwa miaka saba. Ndipo Bi Anatolia akainua mkono.

— Huyu alipokuwa na miaka mitano, alisema taratibu, — nilikwenda naye kanisani. Kutoka, simwoni. Nilimkuta nusu ya njia ya kwenda kwa watu wengine, ameshika nguo ya mwanamke nisiyemjua. Mwanamke yule alivaa kitambaa chekundu kama changu. Nilimchapa. Nikamwambia, huna haya, unamwacha mama yako unafuata watu. Alikuwa ananitazama tu. Akaniambia, mama, nilidhani ni wewe. Nikamchapa tena kwa kusema uongo.

Bi Anatolia akashusha mkono. Rwegoshora hakuwa anaikumbuka siku hiyo. Alikuwa na siku nyingi za namna hiyo.

Kemirembe aliinua kichwa. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, nzito, yenye mikwaruzo.

— Baba Koku. Miaka minne hujanijua sura?

— Ninaiona. Nikiwa naitazama, naiona, na ni nzuri. Ila siwezi kuibeba.

— Ungeniambia.

— Niliogopa ungeniona nusu mtu.

— Na mimi niliposimama pale darajani nikikuona unakwenda, alisema Kemirembe, — nilijiona nini?

Rwegoshora alimgeukia. Alisema, "Nisamehe," mbele ya wazee watano, jambo ambalo wanaume wa nyumba ile hawakuwa wakilifanya.

Gazeti aliingiza mkono mlangoni na kile kitambaa. Kemirembe alikipokea, akajifunga kichwani kama wanawake wanavyojifunga, juu, nyuma ya masikio. Rwegoshora akatikisa kichwa. Akapiga magoti mbele yake.

— Kishushe. Zaidi. Hapa katikati kishuke, pande zipande kidogo. Subiri. Hapo.

Alikipanga kwa vidole vyake vyenye makovu ya spoki, akakivuta upande, akakirudisha, mpaka mpaka ule ukasimama pale ulipokuwa siku zote. Wazee walinyoosha shingo kutazama. Kisha Auleria akamweka mtoto mapajani mwa mama yake.

Kokushubira alikunja uso kulia. Kemirembe hakumpa ziwa. Alianza kumnong'oneza wimbo wa kumbembeleza, ule wa Kinyambo aliokuwa anamwimbia tangu siku ya kwanza, kwa sauti ile mbovu. Mtoto aliyaelekeza macho juu, kwenye kitambaa, pale kinapokutana na paji la uso, akayaacha pale. Yakatembea kwenye ule mstari, kushoto, kulia, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta mlango. Kisha yakashuka. Yakafika kwenye macho ya mama yake, yakasimama hapo, na uso wake mdogo ukakunjuka.

Mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, alinyonya mpaka akapitiwa na usingizi.

Bi Anatolia aliinuka akaenda jikoni akaanza kumenya ndizi, kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee mmoja alisema bado yeye anaona kuna kitu cha makaburini. Mwingine akamwuliza kama kitu cha makaburini kinaondolewa na kaniki ya dukani. Wa tatu akauliza kama kuna lubisi, na pombe ikaletwa kwenye kibuyu, na habari ya kumrudisha mtu Ndama haikutajwa tena. Mzigo wa Kemirembe ulikaa pale mlangoni mpaka jioni, Auleria akaufungua akatundika nguo kwenye kamba.

Ilipofika karibu na Krismasi nywele za Kemirembe zilikuwa zimeota urefu wa ukucha, na kitambaa akakiacha bila mtoto kulalamika. Kijiweni nako mambo yalikuwa yamebadilika. Mtu akija anataja jina lake kabla hajafika: "Gazeti huyo," "Birika naja," na Bama, ambaye hakuhitaji kusema kwa sababu ya mguu wake, alisema kwa nguvu kuliko wote. Jina la Maringo lilikufa lenyewe. Lakini ubishi haukufa. Gazeti alikuwa sasa na nadharia kwamba sura inakaa kwenye damu, na kwamba kila mtu akizaliwa anapewa sanduku la sura mia mbili. Likijaa, mtu haoni wageni tena, ndiyo maana wazee wanasahau.

— Mimi langu lina nafasi, alisema Birika. — Jana nimemjua mtu niliyemwona mara moja, mwaka wa thelathini na tisa.

— Wewe una sanduku la mapadri.

Kemirembe alikuja barabarani na mtoto kiunoni, amemletea mumewe ndizi za kuchoma. "Kemirembe naja," alisema akiwa bado mbali, na Rwegoshora akainua kichwa kutoka kwenye mnyororo aliokuwa anautia mafuta. Kemirembe alipiga goti kidogo kumwamkia Birika, akawasalimia wengine, akasimama pembeni akiwasikiliza. Walikuwa wamerudi kwenye kumhurumia Rwegoshora, kama walivyopenda kufanya siku hizo. Namna gani mtu aishi bila kujua sura, taabu iliyoje, wao wasingeweza.

— Naomba kuuliza, alisema Kemirembe.

— Uliza, mama.

— Ninyi mnaojua sura. Mnazijuaje?

— Kwa kuziona, alisema Gazeti mara moja.

— Hata Baba Koku anaziona. Wewe ukimwona Bama, unajuaje ni Bama?

— Ana mguu ule mbovu.

— Kabla hajaumia mguu ulikuwa humjui?

— Nilikuwa namjua. Namjua kwa... Gazeti aligeuka kumtazama Bama. — Pua yake.

— Pua yake ikoje?

— Ni pua ya... ni pua tu. Ya kawaida.

— Basi macho, alisaidia Birika.

— Macho yakoje?

Birika aliinama mbele. Alimtazama Bama machoni, akapapasa ndevu zake, akafungua kinywa, akakifunga. Bama naye alikuwa amemgeukia Birika, akimtafuta yule muuza samaki wa Ranguni ili aseme ni nini hasa alichokijua, na hakukipata. Kemirembe aliwasubiri kwa adabu. Kokushubira, aliyekuwa sasa anaweza kuinua shingo, alihamisha macho kutoka uso hadi uso, hana haraka.

Birika alinyanyua birika kujipa muda wa kufikiri. Lilikuwa tupu. Alilitikisa, akalirudisha motoni hivyohivyo, na hakuna aliyeona. Wanaume watatu waliojuana miaka mingi walikuwa wamekaa kwenye gogo wakitazamana pua, nyusi, midomo, kwa bidii, paji la uso limekunjwa. Na Rwegoshora, mnyororo mkononi, aliwaona kwa mara ya kwanza wakiwatazama watu jinsi yeye alivyowatazama siku zote.